Leva ya Klachi ya Jirani Yangu

Yule mzee wa duka la spea aliiweka ile leva iliyovunjika juu ya meza yake ya kioo, akaigeuza huku na huku, akavua miwani, akaniuliza kwa upole: "Unataka ya namna hii, au unataka mpya?"

"Mzee wangu," nikamjibu huku nikicheka, "nani atake ya namna hii?"

Hakucheka. Ni mzee wa Kihindi ambaye amekaa nyuma ya meza ile tangu meza yenyewe ilipokuwa ya mbao, na nadhani hakuna chuma cha pikipiki kilichoingia Tanga asikijue. Akaniuliza kama pikipiki ni yangu. Nikamwambia ni ya jirani. Akaniuliza kama jirani mwenyewe ndiye aliyenituma. Nikamwambia hapana, nataka kumfanyia jambo jema. Akanitazama kidogo, akasema "haya," akaenda ndani kunitafutia mpya.

Kwa hiyo siwezi kusema sikuulizwa. Niliulizwa mara tatu, na mara tatu nilijibu kama mtu anayejua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi hii ina ugonjwa wake. Ukishasahihisha madaftari kwa miaka ishirini, kila kilichopinda unataka kukinyoosha. Nikiona kibao cha duka kimeandikwa vibaya, mkono unanicheza kutafuta kalamu nyekundu. Mke wangu husema hata nikienda mbinguni nitamrekebisha malaika namna ya kushika tarumbeta. Ni maneno ya utani, lakini hakuyatoa hewani.

Kwetu ni milimani, Usambara, katika familia ya Kilutheri ambayo haikuwa na habari na bahari. Nilihamishiwa Tanga mjini nikapanga Makorora, nyumba imegusana na nyumba, na ukuta wangu wa kushoto ni ukuta wa kulia wa jirani yangu muuza samaki. Ananizidi miaka michache. Kila siku aliondoka baada ya swala ya alfajiri kwenda Tongoni, akanunua samaki wanapoteremshwa, akawapanga ndani ya tenga lililofungwa nyuma ya pikipiki, akarudi mtaani kabla jua halijawa kali. Alipiga honi mara tatu kila kichochoro, na wanawake wanaokaanga samaki wakatoka na masinia yao. Watu wazima wanane nyumbani kwake, na watoto, walikula kwa pikipiki ile.

Nilijua mkono wake wa kushoto una kasoro. Wiki ya kwanza tu mtu alininong'oneza: baruti. Kwamba ujanani alivua kwa baruti, kama walivyofanya wengi ukanda huu, na siku moja ikamlipukia mkononi. Nilisikia, nikanyamaza, na tangu siku ile sikuuangalia mkono ule. Niliona huo ndio ustaarabu. Mgeni akiishi pwani huogopa kukosea adabu, na mimi nilikuwa mgeni mwoga kuliko wote. Tena si vigumu kuishi na mtu hapa miaka sita bila kuuona mkono wake wa kushoto. Mnasalimiana kwa mkono wa kulia. Anakualika futari, mnakula sinia moja kwa mkono wa kulia. Na yeye, kila nilipomwona, alikuwa ameufunika ule mwingine kwa kitambaa au ameuvutia mkono wa shati. Basi mimi niliangalia pembeni, na moyoni nilijisifu kwa malezi mema.

Jumamosi moja nilimwomba pikipiki niende kuangalia kiwanja karibu na Tongoni. Alikuwa ameshamaliza kuuza samaki wake, akanipa ufunguo bila kuuliza nitarudi saa ngapi.

"Ila klachi yake ina mambo yake, mwalimu," akasema. "Usiifumbate. Isukume tu. Hivi, tazama."

Akanionyesha. Lakini kuonyesha kwenyewe kulihitaji ule mkono wa kushoto, na mimi, kwa ustaarabu wangu, nikaangalia kioo cha pembeni mpaka alipomaliza. Nikasema nimeelewa.

Barabarani ndipo nilipoitazama leva yenyewe, nikachukia. Ilikuwa imepindwa kuelekea kwa dereva, na ncha yake imechomelewa bamba la chuma, pana kama upawa, likazungushiwa mpira wa tyubu. Kitufe cha honi kilikuwa kimeng'olewa kushoto na kufungwa kulia kwa utepe mweusi. Nikasema huu ndio ufundi wetu, wa kuungaunga mpaka kitu kinasahau kilikuwa nini. Hapo hapo, nikiwa bado njiani na pikipiki ya watu, nikaanza kuisahihisha kichwani.

Nilianguka kwenye mchanga, mwendo mdogo kabisa, mahali ambapo hata mtoto wa baiskeli asingeanguka. Nilitaka kubadili gia, nikaifumbata leva kama nilivyozoea, vidole vikateleza juu ya mpira, pikipiki ikaruka mbele kisha ikazima, tukalala wote upande wa kushoto. Mimi nilichubuka kiwiko. Leva ilikatika kwenye shina, na kile kishikio kinachoibana kwenye usukani kikapasuka. Nilirudi mjini nimekaa na pikipiki nyuma ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba nazi.

Nilimpigia simu nikiwa humo humo ndani ya nazi. Jambo la kwanza aliuliza, "Wewe mzima?" Nikasema mzima. "Alhamdulillahi. Chuma si kitu." Halafu akasita. "Ila ile leva, mwalimu..."

"Usijali," nikamkatiza. "Hilo niachie mimi."

Ndipo nikaenda duka la spea, nikamcheka yule mzee, nikatoka na kila kitu kipya: leva inayong'aa, kishikio chake, waya wa klachi, na swichi kamili ya kushoto yenye honi na indiketa. Nikampelekea fundi pikipiki wa mtaa wa pili. Nikasimama juu ya kichwa chake jioni nzima kama msimamizi wa mtihani. Nilimwambia arudishe honi mahali pake. Alipomaliza akanyanyua kile kipande cha zamani chenye bamba, akaniuliza akiweke wapi. Nikamwambia atupe.

Jumapili, nikitoka kanisani, nikaichukua pikipiki kwa fundi nikaifikisha mlangoni kwa jirani nimevaa tai. Alitoka na mkewe. Aliutazama usukani muda mrefu.

"Mashaallah," akasema. Kisha akarudia, polepole zaidi. "Mashaallah. Umejitia gharama, mwalimu. Mungu akulipe."

Mkewe aliitazama leva, akamtazama mumewe, akafungua mdomo. Mumewe akampa jicho moja tu, naye akaingia ndani. Mimi niliona, na nikadhani amekosa la kusema kwa furaha. Jirani akanipa mkono wa kulia, akaniombea dua ndefu, kisha akaisukuma pikipiki mpaka uani. Hakuipanda. Nikadhani anauonea huruma upya wake. Nilikula chakula cha mchana siku hiyo kwa raha sana.

Jumatatu sikusikia honi. Jumanne nayo kimya. Nilipokutana naye kichochoroni nikamuuliza kama anaumwa, akasema, "La, nimepumzika kidogo tu, jirani. Mwili nao wataka haki yake." Jumatano wale wakaanga samaki walikuwa wananunua kwa kijana wa baiskeli aliyetoka mtaa mwingine, huku wakilalamika kwamba samaki wake macho yameshaingia ndani. Usiku wa kuamkia Alhamisi mke wangu akaniambia jambo ambalo yeye aliliona siku tatu: kila alfajiri jirani hutoka na pikipiki akiisukuma kwa miguu, imezimwa, na kurudi nayo baada ya saa moja, vivyo hivyo akiisukuma.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Upande wa shuleni kwako."

Alhamisi nikamfuata. Kulikuwa kunapambazuka. Nilijibanza nyuma ya ukuta wa darasa la nne, na yeye alikuwa katikati ya uwanja wetu wa mpira, peke yake na pikipiki, shati amekunja mpaka viwikoni kwa kuwa hakujua kama yupo wa kumwona. Hapo ndipo nilipouona sawasawa mkono wake wa kushoto kwa mara ya kwanza. Una kidole gumba na kidole cha mwisho. Katikati hapana kitu, pamepona pamejikunja.

Alikuwa anajifunza kuendesha. Mtu aliyekwenda Tongoni na kurudi kila siku ya Mungu alikuwa anajifunza pikipiki yake mwenyewe upya. Alikinasisha kidole kile cha mwisho kwenye leva yangu nyembamba inayong'aa, akavuta kwa nguvu zake zote, akaingiza gia, kidole kikachomoka, pikipiki ikaruka na kuzima. Akaiwasha tena. Ikaruka, ikazima. Mara ya tatu ilimwangusha. Akainuka, akakung'uta mchanga magotini, akaipangusa leva kwanza kwa pindo la shati kabla hajajipangusa yeye.

Nikaelewa yote kwa pamoja, lile bamba pana kama upawa, ule mpira, ile pembe, honi iliyohamia kulia. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kuungaunga. Kilikuwa ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mkono mmoja tu duniani, kisukumwe kwa kifundo cha mkono, nami nilikivunja kwa kutokuangalia nikaagiza kitupwe. Nikaelewa pia kwa nini hakuniambia, wala hakuing'oa ile mpya. Nilimletea zawadi mbele ya mkewe nimevaa tai. Kuing'oa kungekuwa kunirudishia usoni. Aliona afadhali aanguke kila alfajiri mpaka aiweze, kuliko mimi nijue kwamba nimemharibia.

Nilipaswa kutoka nyuma ya ukuta. Ilikuwa hatua thelathini. Sikutoka. Niliondoka kwa kunyata, mwalimu mzima, nikipita nyuma ya vyoo vya shule yangu mwenyewe. Nimefanya makosa mengi katika habari hii, lakini hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko yote.

Kengele ya mwisho ilipolia nikakimbilia kwa fundi. Kile kipande alikwishakiuza pamoja na gunia la vyuma vingine kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Nikaenda kwa mnunuzi. Akanionyesha lundo, akasema tafuta. Nilivua koti, nikapekua minyororo, rimu, sufuria zilizotoboka na vitanda vya chuma mpaka mikono ikawa myekundu kwa kutu. Wakati jua linazama akaja kijana wake akaniambia lori la jana lilishachukua nusu ya mzigo kwenda Dar es Salaam. Huenda leva ilikuwa humo. Huenda ipo mpaka leo chini ya lundo.

Kesho yake nikarudi duka la spea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama mikono iliyojaa plasta. "Sasa umeijia ya namna ile."

Hakunicheka, na nilitamani anicheke. Akanieleza kwamba hakuna duka linaloiuza. Leva ni lazima ichomelewe, na hizi za siku hizi, kama niliyoichukua kwake, ni za alumini, haziwezi kushika bamba la chuma. Ile niliyoileta mara ya kwanza ilikuwa ya zamani, chuma kitupu. "Nilitaka kukuambia uitunze," akasema, "lakini ulikuwa na haraka." Akapanda ngazi mwenyewe, kwa umri wake ule, akashusha maboksi yaliyokuwa na vumbi la miaka, ya pikipiki ambazo haziko tena barabarani. Nilishika ngazi chini. Boksi la tano au la sita likatoa leva moja ya chuma, ndefu, imeshika kutu kidogo. Kishikio chake hakikuwepo. Tukajaribu vya aina nyingine kimoja kimoja hadi kikapatikana ambacho tundu lake la msumari lingepanuliwa kidogo tu. Kwa honi haikuhitajika kununua kitu. Ilikuwa ni kuihamisha tena.

Nikapeleka leva kwa mchomeleaji. Nikamweleza bamba, mpira, pembe. Akaniuliza bamba liwe na upana gani. Sikujua. Lipinde kiasi gani. Sikujua. Lisukumwe na kiganja au na kifundo. Nikasema nadhani kifundo.

"Mwalimu, hapa hakuna nadhani. Nikikosea, mtu atashindwa kukata klachi mbele ya lori. Mlete mwenye mkono."

"Siwezi kumleta."

"Basi kanipimie."

Nimesimama mbele ya wakaguzi wa elimu, nimezika wazazi wote wawili, lakini sikumbuki mlango ulioniwia mzito kuubisha kama ule wa jirani yangu alasiri ya siku ile. Nilikuwa na rula ya darasani, penseli na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Nikakaribishwa barazani. Yeye, kama kawaida, alikuwa na kitambaa juu ya mkono.

"Jirani," nikasema, "nimekukosea. Nimekuvunjia kitu nisichokijua, na nilichokuletea hakikufai. Nilikuona uwanjani."

Akatabasamu kidogo. "Ningaliiweza. Nilibakia kidogo."

"Usiniambie hivyo."

"Haya. Siiwezi," akasema. "Sikutaka uone vibaya tu."

Nikamweleza habari ya mchomeleaji, kwamba ni lazima niupime mkono. Aliitikia kwa kichwa, akaondoa kitambaa, akauweka mkono wake juu ya karatasi, juu ya goti langu. Nikautazama. Ulikuwa mkono wa mtu mfanya kazi, mgumu pembeni, una harufu ya sabuni. Nikaupitishia penseli pande zote kama watoto wa darasa la kwanza wanavyochora mikono yao, nikapima kutoka gumba hadi kifundo, nikaandika.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Kumbe mwalimu waweza kuutazama," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa kweli. "Mwenzio akikusikia mlangoni tu, mbio kutafuta kitambaa. Watu wote wauona. Watoto wauchezea. Tongoni huko hapimi samaki ila kwa huo. Ni wewe tu akufichaye."

"Basi, mama," mumewe akamwambia.

"La, naye ajue."

Jirani akakuna shingo. "Ulipohamia hapa, wiki ile ya kwanza, nilikuja kukusaidia kuingiza kabati. Ukauona, ukageuza uso. Kila siku nkiona wageuza uso. Nkasema labda yamtia kinyaa, au labda ataka kusema mimi ni mtu wa baruti, na yeye mtu wa dini. Nkaona si vizuri kumkera jirani."

Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa adabu, kwamba nililelewa hivyo, kwamba nilikuwa namstahi. Maneno yote yalikuwepo. Lakini mbele ya mtu aliyetafuta kitambaa kwa miaka sita kila nilipobisha hodi, yalikuwa maneno ya kujitetea tu. Nikainama nikapima tena, ingawa vipimo nilikuwa navyo.

Mchomeleaji alifanya kazi siku tatu. Safari ya kwanza bamba lilikaa juu mno, safari ya pili likagusa usukani kabla klachi haijakata. Mara zote mbili jirani alikuja mwenyewe, amekunja shati, akajaribu, akaeleza, na mimi nikasimama nikitazama bila kusahihisha neno. Ya tatu ikakubali. Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, honi ikalia tena kichochoroni mara tatu.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Ile ya zamani alikuwa ameisugua kwa tupa mwenyewe kwa miaka minane, kidogo kidogo, mpaka ikaujua mkono wake. Hii mpya ni nzito. Kifundo kinamvimba, na njiani analazimika kusimama mara mbili akikande. Basi anafika Tongoni wakati wale samaki wa bei nzuri, changu na tasi, wameshachukuliwa, anabaki na vibua wa bei ndogo. Wakaanga samaki wawili wamehamia moja kwa moja kwa yule kijana wa baiskeli. Anasema itazoeleka, nusu mwaka, mwaka mmoja. Jioni namsikia uani akiisugua kwa tupa.

Kitambaa hakishiki tena nikija. Wiki iliyopita alisimama mlangoni kwangu, pikipiki inaunguruma, mkono wa kulia umeshikilia mafuta isizime. Akanitolea mfuko wa vibua, akiwa ameuning'iniza kwenye kile kidole cha mwisho, na alikuwa ameniongezea wawili ambao sikuwalipia. Kifundo kilikuwa kimevimba kama kawaida. Huku si adabu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, naye ni mtu wa adabu.

"Samahani, mwalimu," akaniambia. "Mkono wa kushoto."